Nilitubu Sinema

Picha yenyewe ililetwa Bukoba kwa makosa. Mhindi mwenye ghala la kahawa pale Miembeni alikuwa ameagiza Kampala picha ya Kihindi, ya kuimba na kucheza, na meli ikashusha makopo manne ya bati yenye maandishi kama vijumba vidogo vidogo. Ndani ya kopo la kwanza kulikuwa na karatasi moja ya Kiingereza. Ilisema kisa kimetoka katika kitabu cha Wafaransa, kitabu cha zamani cha mapenzi yanayoishia kwenye kilio, na walioigiza ni Wachina kwa lugha yao. Tangazo lilikuwa limeshabandikwa na watu wameshajipanga mlangoni. Mhindi akasema basi, itaonyeshwa hiyo hiyo.

Huo ulikuwa mwaka 1955, mwezi wa saba, kahawa imeanikwa kila ua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nne, na nimeshaposwa. Mchumba wangu aliitwa Mushumbusi, mtoto wa mwinjilisti wa Kimwani, kule Muleba. Nyumbani kwetu ni Kahororo. Baba yangu, Byarugaba, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na kwetu sinema ilikuwa dhambi inayotajwa kwa jina, pamoja na pombe na ngoma.

Aliyenipeleka ni Kokuhirwa.

Kokuhirwa alikuwa mwanamke wa kaka yangu Aroni, au tuseme alikuwa karibu kuwa. Alikuwa amekaa Nairobi miaka tisa. Wanawake wa kwetu waliokwenda Nairobi kila mtu alijua walikwenda kufanya nini, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Walituma mabati, walituma mablanketi, walisomesha wadogo zao, na waliobaki nyumbani walipokea kwa mikono miwili, halafu kanisani wakajisogeza mbali nao kwenye benchi. Yeye alirudi na cherehani, akajenga nyumba ya vyumba vitatu Miembeni, akawa anashona magauni na kufuma masweta. Aroni alikuwa karani wa kupima kahawa. Alipeleka suruali ipunguzwe kiuno, akarudi na nyingine, akarudi tena, mpaka suruali zikamwishia, akawa anakwenda hivi hivi.

"Mulamu," Kokuhirwa aliniambia siku moja. Ndilo neno letu la wifi, na aliniita hivyo kabla hajawa. "Jumamosi twende tukawaone Wachina wanavyolia."

"Taata akijua?" nikauliza, nikimwogopa baba.

"Atajuaje? Labda naye awemo ndani."

Ilikuwa saa tisa mchana. Madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia, wanawake tukakaa upande wa kushoto, na ukikanyaga sakafuni unasikia punje za kahawa zinavunjika chini ya mguu. Kando ya shuka nyeupe alisimama Burhani, aliyewahi kuwa mhudumu wa melini akajua Kiingereza. Mkono mmoja alishika karatasi, mwingine bomba la bati la kusemea.

"Huyu dada mnayemwona," akatangaza, "ni mwanamke mzuri sana wa mji mkubwa, analishwa na wanaume wakubwa. Msinitazame mimi, nasoma karatasi!"

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Burhani, Kichina umejifunza lini?"

"Jana. Wewe jana ulijifunza nini?"

Watu walicheka mpaka mtambo ukawa hausikiki. Lakini kadiri picha ilivyokwenda, kicheko kilipungua. Yule dada alipendwa na kijana wa ukoo mzuri, akaacha wanaume wote na nyumba yake ya taa nyingi, wakahamia shamba. Alikuwa na tabia ya kumsafishia kijana miwani kwa upindo wa nguo yake. Kisha baba wa kijana akaja. Alivaa kanzu ndefu ya rangi ya giza, akakaa, akaletewa chai, hakuigusa.

Burhani akashusha sauti. "Mzee anasema, nina binti, ameposwa. Watu wa mchumba wake wamesikia habari zako. Usipomwacha mwanangu, binti yangu hataolewa. Nimekuja kwako kwa sababu najua una moyo."

Nilishtuka. Nilingoja huyo binti aonyeshwe, nimwone uso, nione amevaaje. Hakuonyeshwa hata mara moja. Mwanamke akakubali, akaondoka, akajifanya amemchoka yule kijana. Kijana akamtukana mbele ya watu. Yule dada akaugua, na kijana alipoujua ukweli akaja mbio, akamkuta anakata roho. Ghala zima likalia. Zuena, jirani yake Kokuhirwa, alilia kwa sauti kama yuko msibani, na mimi nililia mpaka kifua cha gauni kikalowa.

Kokuhirwa hakulia. Tulipotoka nje, jua bado kali, akasema, "Mjinga yule."

"Kwa nini, waitu?" nikauliza, kwa neno letu la heshima.

"Mzee wa watu amekuja, amesema maneno yake mazuri, na mwanamke ameondoka. Hajamuuliza kijana mwenyewe! Mimi angekuja baba yako, angekuja hata askofu, ningemwambia kaa hapo, kula, ngoja Aroni atoke kazini. Akisema Aroni kwa neno lake, nitaondoka siku hiyo hiyo, wala simuulizi mara mbili. Lakini mtu mwingine? Thubutu."

Nilimsikia vizuri sana. Wengine walitoka pale na huzuni, mimi nilitoka nayo pia, lakini maneno yale niliyaweka pembeni kama mtu anayeokota sindano, hajui ataitumia wapi.

Wiki mbili hazikupita, mshenga wa Kimwani akaja nyumbani. Aliitwa Rwegasira, mtu mrefu mwenye kofia ya kuazima. Kwetu mgeni hasemi kitu kabla hajapewa kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Baba akamnyooshea kikapu. Rwegasira akaweka mkono kifuani, hakuchukua. Mama akaniangalia mimi.

"Wenzetu wanawasalimu," alisema. "Hawana neno na binti. Binti ni mzuri. Ila wanauliza, mtoto wa kiume wa nyumba hii anamwoa nani? Maana wakija kula hapa, atakayewapakulia ni huyo. Mwinjilisti atakwenda kuwaambia nini waumini wake?"

Baba alisema atajibu. Hakujibu. Alimwita Aroni, wakafungiana, tukamsikia Aroni anasema jambo moja tu, "Nimeshamwahidi, taata." Kesho yake Aroni akapelekwa Muleba na kazi yake, wiki mbili za kupima kahawa. Jioni ile baba alisukuma sahani ya ndizi bila kuigusa.

"Mimi sitakanyaga kwa mwanamke yule," akasema. "Na Aroni hanisikii. Basi, Kemilembe, utakaa hapa hapa nyumbani. Tutazeeka wote."

Hakunituma. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye watu walisema Byarugaba ndiye aliyetuma. Nilijituma mwenyewe. Nilikuwa nampenda Mushumbusi. Alikuwa na masikio makubwa na alicheka huku ameziba mdomo, na kwenye barua zake aliandika jina langu kwa wino mwekundu na mengine yote kwa wino wa kawaida. Wenzangu wa darasa la nne walikuwa wameshaolewa wote, isipokuwa mimi na mmoja kiwete.

Chumbani kwa Aroni, kwenye msumari, lilining'inia sweta la kijani lenye vifungo vya kahawia. Kokuhirwa ndiye aliyelifuma, lilimchukua mwezi mzima. Aroni hakwenda nalo Muleba asije akalichafua kwa vumbi la magunia. Nililikunja, nikalifunga kwenye khanga, nikaenda Miembeni.

Kokuhirwa alikuwa kwenye cherehani. Aliinuka, akaniletea kahawa kwenye kikapu kidogo cha ukindu, akanichagulia punje kubwa kwa vidole vyake. Rwegasira alikuja na ubaya kwetu, lakini angalau hakula. Mimi nilipokea, nikatafuna.

Nikaanza. Nikasema watu wa mchumba wangu wamesikia, nikasema mshenga amekuja, nikasema nitakosa ndoa. "Nimekuja kwako kwa sababu najua una moyo."

Akacheka sana. "Heee! Mulamu, unaongea kama Burhani! Bado bomba tu."

"Kokuhirwa, ni kweli."

"Najua ni kweli. Pole. Aroni akirudi tutakaa wote watatu, tutafute njia. Mchumba anayekupenda hawezi kukimbia kwa ajili ya mshonaji wa Miembeni."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, mlango mpana. Nikafungua khanga.

"Aroni ndiye amenituma," nikasema. "Ameona aibu kuja mwenyewe. Amesema nikurudishie hili."

Alilitazama lile sweta. Hakulipokea mara moja. Aliupindua mkono mmoja, akatazama ndani, kwenye mshono, kama anataka kuhakikisha ni kazi yake na si ya mtu mwingine.

"Amekutuma lini?"

"Kabla hajapanda lori."

"Akiwa amesimama au amekaa?"

Sijui kwa nini aliuliza hivyo. Nikasema, "Amesimama."

"Alilia?"

Nilipaswa kusema alilia, ingekuwa afadhali. Nikasema, "Hapana."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara mbili tatu. Kisha akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula. Akanisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote, akaniambia, "Uolewe salama." Siku tatu baadaye alipanda meli kwenda Kampala. Ufunguo alimwachia Zuena na maneno kwamba asifuatwe.

Aroni aliporudi alikwenda Miembeni moja kwa moja na vumbi lake. Alirudi nyumbani magharibi, akaingia chumbani kwake, akatoka.

"Sweta langu liko wapi?"

Tulikuwa uani, mama na mimi. Mama hakujua lolote.

"Kemilembe. Kokuhirwa alikuja hapa?"

Nikasema, "Alikuja."

"Akalichukua mwenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hata mdomo sikufungua. Aroni akashika nguzo, akasema, kama anayejisemea, "Basi nilimkosea kitu." Na miaka iliyofuata nilimwona akikitafuta hicho kitu alichomkosea. Aliniuliza mara nyingi: alikuwa na hasira? Alisema neno? Nikajibu sikumbuki.

Niliolewa Kimwani mwaka uliofuata, mwezi wa sita. Kokuhirwa hakuwepo wa kumpakulia mtu yeyote, na mwinjilisti alikula kwa furaha nyumbani kwetu. Mushumbusi alikuwa mume mwema, nasema kweli. Wema wake ulinielemea.

Kule Kimwani uamsho ulikuwa umeshika. Kila Jumapili baada ya ibada, waliookoka walikutana uani kwa mwinjilisti, baba mkwe wangu, na kila mwenye mzigo alisimama akautua mbele ya wote. Mmoja ameiba jembe, mwingine amekunywa lubisi, pombe ya ndizi, kwa siri. Ukimaliza kusema, wanakuimbia, wanakukumbatia, mambo yamekwisha. Mimi nilikaa miezi mitano bila kusimama, na watu wakaanza kunitazama. Mke wa mtoto wa mwinjilisti hana kitu?

Nikasimama. Nilikuwa nimekusudia kusema la Kokuhirwa. Nikasema, "Ndugu zangu, nilipokuwa msichana nilikwenda kuangalia sinema Bukoba."

Walivuta pumzi. Nikaeleza Wachina, nikaeleza ghala na magunia madirishani, nikaeleza nilivyolia kwa ajili ya mwanamke wa dhambi. Nikaeleza kila kitu mpaka pale tulipotoka nje juani, hapo nikanyamaza. Wakaimba. Mama mkwe alinikumbatia mpaka kilemba chake kikaanguka. Kwa wiki nzima nilisifiwa kwa ujasiri, na wasichana waliletwa kwangu niwaonye juu ya sinema. Niliwaonya.

Mwaka 1959 alizaliwa mwanangu wa pili, na Aroni akaja kwenye ubatizo. Wakati huo alikuwa amehamia Muleba kabisa, alikuja kwa baiskeli. Alikuwa hajaoa. Alifika saa mbili asubuhi, akaacha wanaume sebuleni akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akamshika mtoto huku mimi namenya ndizi.

"Huyu amechukua masikio ya baba yake," akasema. "Maskini. Upepo wa ziwa utampeleka Uganda."

Nikacheka. Tukawa wawili tu, na moto, na mtoto. Akasema, bila kunitazama, "Unajua, mwezi uliopita nilikutana na Zuena sokoni. Nikamuuliza tena. Hata yeye hajui nilimkosea nini."

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Hapo ndipo ilikuwa mahali pake. Nikamenya ndizi nyingine, na nyingine, nikajiambia, nitasema leo, nitasema mbele ya wote, kama tunavyofundishwa. Nilijua wanachofanya ukimaliza kusema. Peke yangu na Aroni sikujua atafanya nini.

Alasiri tukakaa uani. Aroni alikaa nyuma pamoja na wageni, chini ya upenu. Nikasimama na mtoto mgongoni. Safari hii niliyasema yote, tangu kikapu cha kahawa mpaka sweta, mpaka nilivyoitikia kwa kichwa mbele ya kaka yangu. Sikulia. Nilikuwa natazama miguu ya watu.

Nilipomaliza baba mkwe akainuka, mikono juu.

"Asifiwe Bwana! Mmesikia? Dada alimtoa kaka yake shimoni! Mwanamke wa Nairobi alikuwa amemnasa, na Mungu akamtumia msichana mdogo!"

Wakaimba. Wakaimba kwa nguvu kuliko siku ya sinema. Nikasema hapana, nikasema, "Nilidanganya, nilidanganya," lakini nani angesikia katika makofi yale? Mama mkwe akaleta kiti, kiti cha mbao chenye mgongo wanachokalia wake za wachungaji, akanikalisha. Mushumbusi alikuwa ananitazama na wala haimbi. Upenuni, mahali pa Aroni palikuwa patupu.

Nilimkuta barabarani anafunga mkoba kwenye keria ya baiskeli. Alifunga kamba, akaifungua akaanza upya.

"Kaka."

"Nilikaa jikoni kwako tangu asubuhi," akasema. "Nilimshika mtoto wako."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi, ukaenda kuwaambia wao." Alisema polepole, kama mtu anayesoma mzani. "Miaka minne nimejihesabia makosa, Kemilembe. Yote. Hata yale ambayo sikuyafanya. Na leo umewaambia watu mia kabla yangu, wamekupigia makofi."

Nilipiga magoti pale pale vumbini. Akaniambia niinuke, mtoto ataumia. Kisha akaanza kukokota baiskeli, hakuipanda, na nyimbo zilikuwa bado zinasikika kutoka uani.

Mwezi ule ule aliacha kazi, akapanda meli kwenda Kampala. Barua yake ya kwanza ilifika Kahororo karibu na Krismasi, nikiwa nimekwenda kuwasalimu wazazi. Baba alivaa miwani, akatuita wote, akaisoma kwa sauti. Aroni aliandika kwamba sisi huku hatujambo. Hakusema sisi ni nani, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Kisha salamu, kama ilivyo desturi, kila mtu kwa jina lake: taata, mama, shangazi, wadogo wote mmoja mmoja, Mushumbusi, watoto wangu wawili.

Baba akameza mate. "Na Kemilembe," akasoma.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, naiona karatasi. Darasa la nne lilikuwa linanitosha kusoma barua. Nikasema, "Asante, taata," nikaenda kuangalia moto.